Nambari Iliyomo Ndani ya Shaba



Katika mji huu wa Kolwezi, ambao kampuni ya Union Minière iliuasisi mwaka 1937 kwa ajili ya madini, hakuna asiyejua habari za tani. Lakini tani ni hesabu ya mizani, nami leo nakusudia kunena juu ya hesabu ya chembe, yaani nambari kamili moja ambayo wanakemia huitumia kila siku na aghalabu hawaichunguzi dhati yake: 602,214,076,000,000,000,000,000. Hiyo ndiyo idadi ya chembe katika moli moja ya kitu chochote, na Jean Perrin wa Ufaransa ndiye aliyeiita, mwaka 1909, kwa jina la Avogadro wa Italia.

Moli ya shaba ni gramu 63.546, kipande kinachofumbatika kiganjani. Mtu akiupata mmoja wa ile misalaba ambayo wahenga wa Katanga waliisubu na kuitumia kama fedha, nao ukawa na uzito wa kilo moja ya shaba safi, atakuwa ameshika atomi takribani 9,477 ikifuatwa na sifuri 21. Na katika kiwanda cha Luilu, ndani ya mabirika ya asidi ambamo shaba hujishikiza kwenye mabamba ya kathodi, kila atomi hudai elektroni mbili kabla ya kutulia, hata moli moja ikahitaji umeme wa kulombi 192,971 hivi. Ankara ya umeme ya kiwanda hicho, kwa hakika, ni hesabu ya chembe.

Ama tabia za nambari yenyewe, zinachekesha kidogo. Yaishia kwa sifuri 15, na kwa kuwa idadi ya sifuri hizo ni witiri, nambari hiyo haiwezi asilani kuwa mraba wa nambari kamili. Wala si mchemraba, maana, ingawa 15 hugawika kwa tatu, 602,214,076 imekaa baina ya mchemraba wa 844 na ule wa 845. Mwaka 2007 wanazuoni wawili wa Marekani, Fox na Hill, walishauri kwamba nambari ya moli ipangwe kuwa mchemraba wa 84,446,888; shauri lao, ambalo mimi naliona zuri kuliko lililoshinda, halikukubaliwa. Mkutano wa vipimo uliofanyika Versailles Novemba 2018 uliipitisha nambari hii ya sasa, ikaanza kutumika tarehe 20 Mei 2019. Jumlisheni tarakimu zake, mtapata 28, isiyogawika kwa tatu: basi hata kwa 12 haigawiki, ilhali kaboni ya 12 ndiyo iliyokuwa msingi wa moli hapo kabla!

Enyi wanafunzi, igaweni 602,214,076 kwa 4, mpate 150,553,519, kisha mtafute kama hiyo ni nambari tasa. Hamna haja ya kujaribu kigawanyo kinachozidi 12,270.