Bei ya Kuanzia ni Mtu wa Pili

(Maneno yaliyosemwa na kamati ya mauzo kwa wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, Bariadi)



Wenzetu wameshasema habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Sisi wa kamati ya mauzo tumepewa jambo moja dogo, nalo ni bei ya kuanzia tunapouza vitu kwa mnada wa simu. Jambo ni dogo lakini limetugharimu mwanachama, kwa hiyo tunaomba mtusikilize.

Mnajua utaratibu wetu. Mwenzetu akishindwa kabisa kurejesha mkopo, dhamana yake inauzwa. Zamani tuliuza pale pale kwenye kikao. Baadaye tukahamia kwenye kundi la WhatsApp. Tunaweka picha, tunataja bei ya kuanzia na saa ya kufunga, na kila anayetaka anaandika bei yake kwa kupandisha 5,000. Tulifikiri kazi imekwisha, maana simu inafika Maswa, Itilima, Meatu na Busega bila nauli.

Halafu ikaja cherehani. Mwenzetu mmoja alikuwa anadaiwa shilingi 110,000. Cherehani yake ilikuwa nzima, na mtumba wa aina ile sokoni haukupungua 180,000. Sisi tukaanzia 40,000. Tulisema tuanze chini ili watu wavutike. Tukaiweka usiku wa Ijumaa, mwezi wa Januari, tukafunga Jumamosi mchana. Watu walikuwa shambani, na wenye pesa walishazipeleka kwenye sare na madaftari. Waliojitokeza ni watatu. Mmoja akaishia 50,000, wa pili akaishia 60,000, wa tatu akachukua kwa 65,000.

Mama wa watu akapoteza cherehani, na deni la 45,000 likabaki pale pale. Isitoshe, aliyenunua alikuwa mume wa mmoja wetu katika kamati. Hakuiba, alifuata utaratibu wetu. Lakini jamani, nani angeamini? Yule mama hakugomba. Alikaa kimya vikao viwili, cha tatu hakuja.

Miezi ikapita. Siku moja yule mnunuzi akasema mwenyewe, tena kwa nia njema tu, kwamba siku ile alikuwa tayari kufika hata 150,000. Tukauliza, kwa nini basi hukutoa? Akajibu, "Ningetoa ya nini, na hakuna aliyenisukuma?"

Ndugu zetu, jibu lile ndilo lililotufundisha mnada ni nini. Bei ya mnada haiwekwi na yule anayekitaka kitu kuliko wote. Inawekwa na mtu wa pili. Aliyeshinda analipa kidogo tu kuliko pale mwenzake alipochoka. Kama wa pili amechokea 60,000, hata wa kwanza awe na laki tano mfukoni, utauza 65,000.

Sasa bei ya kuanzia inafanya kazi gani? Inasimama badala ya mtu wa pili asipokuwepo. Tungeanzia 110,000, yule baba angenunua kwa 110,000 peke yake bila kushindana na mtu, na deni lote lingefutika siku ile ile.

Tulipoyajua hayo tukaenda kukosea upande wa pili. Ikaja baiskeli. Kwa hofu tukaanzia 200,000, bei inayokaribia ya mpya dukani. Wiki mbili hakuna aliyeandika kitu. Tukashusha 170,000, kimya. Tukashusha 140,000, kimya. Watu wakishaona bei inateremka, wanakaa kungojea iteremke tena. Mwisho ikaondoka kwa 110,000, nasi tumechoka.

Jambo hili halikutupata sisi tu. Mnakumbuka pamba ya mwaka 2019. Bei dira ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasitasita, pamba ikarundikana kwenye maghala, na wakulima wengi wakakaa miezi wakidai pesa zao. Bei nzuri iliyoandikwa ubaoni haimleti mnunuzi ambaye hesabu yake imekataa.

Tazameni pia dengu na choroko zetu, ambazo miaka hii ya karibuni zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi za ghala na mnada wa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Wanunuzi wanaandika bei zao wakiwa mbali, kisha wakulima wanasomewa bei iliyopatikana na kuulizwa kama wanakubali au wanakataa. Wengine wanaupenda utaratibu ule, wengine hawaupendi, na leo si siku ya kuubishania. Sisi tumechukua kitu kimoja tu: mwenye mali anaulizwa. Yule mama wa cherehani hatukumuuliza.

Basi tukaandika masharti haya kwenye daftari, na tunayaacha hapa kwa yeyote atakayeyahitaji.

Kwanza, wajumbe wawili waende sokoni kuuliza bei ya kitu kama kile kikiwa kimetumika, kwa wauzaji watatu. Bei ya kipya isitumike.

Pili, mwenye kitu aitwe, akubaliane na kamati bei ya chini kabisa. Iandikwe, atie sahihi kabla picha haijawekwa.

Tatu, tujiulize ni wangapi watakitaka. Kama ni kitu cha wengi, tuanze chini tuwaache washindane. Mwaka jana masufuria yetu makuukuu ya shughuli tuliyaanzia 20,000. Waliandika watu 11, yakafika 75,000. Aliyekwisha kuandika bei yake mara mbili anaona uchungu kuachia. Lakini kama ni kitu cha wachache, tuanzie kwenye bei ya chini iliyoandikwa, wala tusiteremke.

Nne, tusiuze Januari wala wakati wa palizi, ila pale tu mwenye kitu akiomba mwenyewe. Tungoje msimu wa pamba ufunguliwe Mei na pesa zianze kuonekana. Mnada uwe wazi siku tatu, siyo usiku mmoja.

Tano, mjumbe wa kamati, mumewe na wanawe wasinunue dhamana. Hapa hatutaki mjadala.

Kuna wanaosema tunawabembeleza wadaiwa. Sivyo. Deni lazima lilipwe, maana pesa ya sanduku ni jasho la wote. Lakini mwenzako akishindwa, unauza mali yake kama ambavyo ungeuza yako.

Lile deni la 45,000 kikao kililifuta. Cherehani hatukuweza kuirudisha. Yule mama tulimfuata nyumbani, tukamwomba radhi, tukamwomba na ruhusa ya kuyasema haya. Akajibu, "Semeni, ila jina langu msitaje." Leo amekuja kama mgeni, hajaamua kurudi kuwa mwanachama. Nafasi yake ipo, na kitabu chake cha hisa tumekitunza.