Mwanariadha Anayebalehe Asihesabiwe Mvivu

(Maneno ya Afisa Michezo wa Halmashauri kwa wazazi, walezi na walimu wa kata, kabla ya maandalizi ya UMITASHUMTA na UMISSETA)



Kila msimu wa mashindano ya shule unapokaribia, walimu wa michezo huniletea lalamiko moja: mtoto aliyeongoza mbio mwaka jana sasa anachechemea, anajikwaa, na anapitwa na wale aliokuwa akiwaacha. Wapo wanaomwita mvivu. Wapo wanaosema ameanza mambo ya wakubwa. Mara nyingi jibu halimo katika tabia yake, bali katika miguu yake. Amerefuka.

Mtoto wa shule ya msingi huongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Akibalehe, mwendo huo hubadilika ghafla. Msichana, aghalabu akiwa na miaka 12 hivi, aweza kuongezeka sentimita 8 kwa mwaka. Mvulana, akikaribia miaka 14, sentimita 9 hata 10. Nyayo hutangulia, miguu hufuata, kiwiliwili huja mwisho. Ndiyo maana mzazi hulalamikia viatu kabla ya kulalamikia suruali. Mfupa hurefuka kwanza, na uimara wake huja baadaye. Mtoto aliyezoea miguu mifupi hulazimika kujifunza upya kuitumia hii mirefu, na katika muda huo hujikwaa bila kosa lake.

Maumivu nayo yana sababu. Chini kidogo ya pia ya goti, mahali ambapo kano inayotoka kwenye misuli ya paja hushika mfupa wa muundi, mfupa wa mtoto haujakomaa. Pana gegedu laini. Kila anaporuka au kukimbia, kano hupavuta mahali hapo, pakavimba na kuuma. Mwaka 1903 madaktari wawili, Robert Osgood wa Boston na Carl Schlatter wa Zurich, waliyaeleza maradhi hayo, kila mmoja kwa upande wake, na hadi leo yanaitwa kwa majina yao. Kisigino nacho hupatwa na jambo la namna hiyo. Hayaponywi kwa kuchuliwa kwa nguvu. Hutulia mtoto akipunguziwa kazi, na kwa wengi huisha mfupa unapokomaa. Kwa hiyo naomba waziwazi: mtoto anayeumwa goti asirushwe kichura, iwe kwa mazoezi au kwa adhabu. Ni vigumu kubuni jambo linalolichokoza goti hilo kuliko kichura.

Katika suala la kazi, niruhusuni nikawie kidogo. Mwalimu huhesabu saa moja ya uwanjani. Mguu wa mtoto unahesabu vingine. Ametembea kilomita 4 kwenda shule, atarudi 4, na jioni anasubiriwa na ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji kichwani. Sisemi watoto wasisaidie nyumbani. Nami nililelewa hivyo. Nasema mzazi na mwalimu wazungumze, ili siku ya mazoezi mazito ndoo ibebwe na mwingine, na siku ya shamba mazoezi yawe mepesi. Siku moja katika juma iwe ya kupumzika kabisa.

Kupunguza si kuacha. Anayeumwa apunguziwe mbio na miruko, afanye zaidi pasi, kusimama kwa mguu mmoja, na kutua vizuri baada ya kuruka. Akianza kuchechemea, siku hiyo basi. Na ikiwa maumivu yanamwamsha usiku, au goti limevimba pamoja na homa, au ameanguka na hawezi kukanyaga, apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Chakula nacho kiongezwe: maharage, dagaa, maziwa, mayai panapowezekana. Msichana anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo aweza kukosa hedhi, na mifupa yake ikadhoofika. Hedhi ikikatika kwa miezi mitatu, mama au shangazi amfikishe kwa mhudumu wa afya. Asiachwe abebe jambo hilo peke yake kwa aibu.

Walimu wangu, nanyi katika uteuzi mkumbuke kwamba mrefu wa miaka 13 hushinda kwa kutangulia kubalehe tu, pengine. Yule mdogo anayekaa benchi bado hajafikiwa na zamu yake. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alipata shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017 akiwa na miaka 25, na dhahabu Tokyo mwaka 2025 akiwa na miaka 33. Hatuna haraka ya kummaliza mtoto kidato cha kwanza.

Naomba kila shule ianze na kazi moja rahisi. Wachezaji wapimwe urefu kila baada ya miezi mitatu, bila viatu, visigino vikigusa ukuta, kwa futi kamba ya fundi cherehani, na kipimo kiandikwe daftarini. Aliyeongezeka sentimita 2 au zaidi katika miezi hiyo mitatu, mwalimu amwite mzazi wake, wapange pamoja mazoezi yake.