Mchezo Huu Ni wa Nani?

Leo nimewaletea kesi. Ni kesi ya mwaka 1616, na ilisikilizwa huko Hispania. Mlalamikaji alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza, Lope de Vega. Mlalamikiwa alikuwa mfanyabiashara, Francisco de Ávila, ambaye alikuwa amenunua michezo 24 ya Lope kutoka kwa watu wa makundi ya maigizo, akataka kuipiga chapa katika vitabu viwili na kuiuza. Lope akaiambia mahakama: michezo hii niliiuza ichezwe jukwaani, sikuiuza ipigwe chapa. Mahakama ikamsikiliza, kisha ikampa ushindi mfanyabiashara. Kilichouzwa kimeuzwa, na vitabu vikatoka.

Mimi naona mahakama ilikosea. Wanamuziki wetu wa enzi za kaseti wataielewa kesi hii bila kuhitaji mkalimani.

Huenda mtu akauliza, Lope de Vega ndiye nani? Shakespeare tunamfahamu. Mwalimu Nyerere alimfasiri, tukapata Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Lope alizaliwa mwaka 1562, miaka miwili kabla ya Shakespeare, na kwa wingi wa kazi alimwacha mbali Mwingereza yule. Mwenyewe alidai kuwa ametunga michezo 1,500. Hata tukipunguza majigambo, iliyobaki ni mamia. Na yote hiyo ni ya mashairi, yenye vina na mizani.

Kwa nini atunge mingi hivyo? Kwa sababu soko lilikuwa na njaa. Mjini Madrid michezo ilionyeshwa katika nyua zilizozungukwa na majumba. Ua mmoja mashuhuri, uliojulikana kama Príncipe, ulifunguliwa mwaka 1583. Wanaume wa kipato kidogo walisimama katikati, na mchezo usipowapendeza walipiga miluzi na kelele. Wanawake walikuwa na ukumbi wao peke yao, na watu waliuita kwa jina la chombo cha kupikia, kama sisi tungesema "chungu", kwa jinsi walivyobanana humo. Sehemu ya viingilio ilikwenda kuendesha hospitali za maskini. Mchezo ulionyeshwa siku chache tu, kisha watu wakataka mwingine mpya.

Basi mwenye kundi alikwenda kwa mtunzi, akanunua mswada, na tangu siku hiyo mswada ukawa mali yake. Aliukata na kuuongeza alivyotaka. Akiishiwa, aliuuza kwa mwenzake. Walikuwapo pia watu wenye kumbukumbu kali, waliokaa kati ya watazamaji, wakasikiliza, wakaenda kuandika walichokikumbuka na kukiuza. Lope aliwalalamikia sana hao. Mwishowe mswada ukafika kwa mpiga chapa, naye akaweka juu yake jina lenye soko. Jina la Lope liliuza, kwa hiyo michezo mingi isiyokuwa yake ilipewa jina lake, na mingine iliyokuwa yake ikapewa majina ya wengine. Baada ya kushindwa ile kesi, Lope mwenyewe alianza kusimamia uchapaji wa michezo yake kuanzia mwaka 1617, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Hapo ndipo wanazuoni walipoingia. Kazi yao kubwa kwa miaka mingi imekuwa kurudisha mali kwa wenyewe. Wamarekani wawili, Morley na Bruerton, walitoa kitabu mwaka 1940 ambacho ningependa wapenzi wa kurasa za mashairi wakijue. Wao walihesabu mizani na vina. Watunzi wa Hispania walitumia bahari mbalimbali ndani ya mchezo mmoja. Mojawapo ilikuwa na mishororo minne ya mizani minane minane, karibu na ubeti wa utenzi wetu, ila vina vyake vimepangwa kwa namna nyingine. Mabwana wale walichukua michezo ya Lope ambayo tarehe zake zinajulikana kwa hakika, wakahesabu ni sehemu gani ya kila mchezo iko katika bahari gani, wakaona kwamba mazoea yake yalibadilika hatua kwa hatua kadiri alivyozeeka. Kwa kipimo hicho waliweza kukadiria umri wa michezo isiyo na tarehe. Na pale mchezo ulipokataa kabisa kuingia katika kipimo, walisema huu tuutilie shaka.

Siku hizi anayehesabu ni kompyuta. Mwezi Januari 2023 Maktaba ya Taifa ya Hispania ilitangaza kuwa mchezo uitwao La francesa Laura, uliokuwa katika hazina yake bila jina la mtunzi, ni wa Lope. Mswada wenyewe ulinakiliwa miaka mingi baada ya Lope kufariki mwaka 1635. Wataalamu wawili, Germán Vega na Álvaro Cuéllar, walikuwa wameifundisha mashine kusoma mwandiko wa kale, ikawanakilia miswada ipatayo 1,300. Kisha walilinganisha maneno yake na ya michezo mingine mingi ya wakati ule. Mashine hailinganishi visa, maana kisa huibwa. Inaangalia maneno yanayojirudia, hasa yale madogo ambayo mtunzi huyaandika bila kufikiri, kama sisi tunavyosema "ila" au "bali" au "basi", kila mtu kwa kadiri yake. Laura akaangukia kwa Lope.

Nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza nilikunja uso. Mashine ituambie mchezo ni wa nani? Lakini mabwana wale hawakuishia hapo. Walirudi kwenye njia za zamani, wakapima mashairi, lugha na jinsi kisa kilivyojengwa, na vyote vikaelekea kwa mtu yuleyule. Hapo nami nikakubali.

Lakini kesi nyingine bado ni ngumu. Mnalijua jina la Don Juan, yule laghai wa wanawake. Chanzo chake ni mchezo wa Kihispania, El burlador de Sevilla. Kutokana nao Molière alipata mchezo wake wa mwaka 1665, na Mozart opera yake ya mwaka 1787, na leo jina hilo limekuwa neno la kawaida katika lugha nyingi. Mchezo wa Kihispania ulichapwa kwa jina la Tirso de Molina, mtawa ambaye jina lake halisi ni Gabriel Téllez. Lipo toleo jingine la kisa hichohicho, lenye kichwa tofauti, na hilo lilichapwa kwa jina la Calderón. Na tangu miaka ya 1980 msomi Alfredo Rodríguez López-Vázquez ameshikilia kuwa mwenyewe si Tirso wala Calderón, bali ni Andrés de Claramonte, mwigizaji na mwenye kundi aliyefariki mwaka 1626. Wengine wanampinga vikali. Kwa hiyo yako matoleo ya siku hizi ambayo jalada lake linasema mchezo "unahusishwa na" Tirso, na liko jingine lililoandikwa Claramonte waziwazi.