Kupunguza Bukari Kadiri ya Tumbo Lako
(Mafundisho kwa wamama wa kliniki)



Leo tuongee juu ya bukari. Hapa kwetu, toka Kolwezi mpaka Nzilo, mtu asiyekula bukari husema hajala kitu, hata kama amekula mkate na samaki mzima wa ziwa. Kwa hiyo mama anayeambiwa lopitalo kwamba ana ugonjwa wa sukari, tena apunguze bukari, anarudi nyumbani kama mtu aliyefiwa.

Sababu ni hii. Bukari ni wanga, na wanga ndani ya tumbo hugeuka sukari. Katika gramu 100 za unga wa mahindi, karibu gramu 75 ni wanga. Unga wa muhogo unapita hapo. Hata kama hutii sukari katika chai, bukari kubwa mara mbili kwa siku inapandisha sukari ya damu. Mbele ya mwaka 1922, mgonjwa wa kwanza alipochomwa insulini kule Toronto, Kanada, waganga walikuwa na njia ya kupunguza chakula tu. Leo dawa ziko, lakini sahani ingali na kazi yake.

Sasa niwaambie kosa langu. Zamani nilikuwa natoa shauri moja kwa kila mama: punguza bukari, kula maharagi na sombe. Mama mmoja akarudi kisha juma moja: «Mama muganga, maharagi yako inafanya tumbo yangu ngoma. Usiku silale.» Nikamwambia avumilie. Hakurudi tena. Alirudilia sahani yake ya zamani, na siku walipomleta alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Shauri lilikuwa la kweli, lakini halikuwa la tumbo lake.

Basi, wewe mama, anza hivi: bukari iwe kama ngumi yako moja, samaki au nyama kama kitanga cha mkono, na mboga zijaze nusu ya sahani. Kisha sikiliza tumbo.

Kama maharagi yanakujaza upepo, usiyaache mara moja. Yalowe usiku kucha, mwaga maji yale, pika katika maji mapya mpaka yalainike kabisa. Anza na vijiko viwili, ongeza polepole juma kwa juma. Yakikataa bado, chukua samaki, mayai, ndakala, au karanga kidogo. Makayabu pia ni mazuri, lakini yalowe vizuri kutoa chumvi, zaidi kama una tansio.

Wengine tumbo linafunga. Hii ndiyo naisikia zaidi, na sababu yake haifichiki: mama amepunguza bukari lakini hakuongeza mboga wala maji. Kula lenga-lenga, matembele, ngai-ngai. Nusu ya avoka ikiwa ni msimu. Kunywa maji safi mara nyingi. Pale mashini, mwambie asiondoe pumba zote za mahindi. Lakini mwenye kuhara, huyu asitafute pumba. Mboga zake ziwe laini, zilizopikwa sana. Na sombe, kwa kila mtu, itwangwe na ichemke muda mrefu, kwa kuwa majani ya muhogo mabichi yana sumu.

Mwingine atakuambia: «Minakunywa maziwa, inapita palepale.» Watu wazima wengi wako hivyo, si uchawi. Jaribu maziwa ya kuganda, au acha tu. Na ukiona mafuta ya ngazi yanakuletea maumivu makali chini ya mbavu za kuume, usijitibu na majani. Njoo waganga wakupime.

Badili kitu kimoja kwa mara. Ukibadili vitano siku moja, hutajua ni kipi kilichokuumiza.

Hapa nawaomba mnisikilize sana. Kama unachomwa insulini au unakunywa glibenklamidi, usipunguze bukari mbele ya kuongea na muganga. Dawa itapita chakula, na sukari itashuka mno: jasho baridi, kutetemeka, kichwa kuzunguka, hata kuanguka sokoni. Ikianza hivyo, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya sukari upesi, kisha njoo. Yule anayekunywa metformini anaweza kuhara siku za kwanza. Anywe pamoja na chakula, wala asifikiri ni mboga zilizomharibu.

Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha asijikatie chakula peke yake. Sahani yake tutapanga pamoja. Na mtoto wako mzima asipunguziwe bukari kwa sababu mama ana sukari! Hii nimeiona: nyumba nzima inafunga njaa na mgonjwa ni mmoja.

Ukiona damu katika choo, kukonda haraka, kutapika kusikokoma, au tumbo gumu lenye maumivu, usingoje siku ya kliniki.

Mara ijayo mkija kupima kilo, nitamwuliza kila mmoja alikula nini jana jioni, kiasi gani, na tumbo lilifanya nini usiku. Msione haya kunijibu mbele ya wengine. Anayeona haya abaki nyuma, tutaongea sisi wawili.