Mbwa Mkubwa wa Miguu Mitatu

Wapo wengi wadhanio kwamba mbwa mwenye kiwiliwili kizito, kama Rottweiler au Great Dane, akikatwa mguu kwa ajali au kwa saratani ya mfupa, maradhi yapendayo sana majibwa ya namna hiyo, basi maisha yake yamekwisha; na dhana hiyo, kwa insafu, ina kasoro. Mbwa hubeba kadiri ya asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, ndiyo maana aliyepoteza wa mbele hutaabika zaidi. Walakini yeye naye, baada ya majuma machache, huusogeza ule uliosalia kuelekea katikati ya kifua, akawa ainua kichwa na kukiinamisha kila hatua, akaenda zake mbio. Yeye haoni haya. Aonaye haya ni bwana wake.

Sharti daktari wa mifugo, kabla ya kuukata mguu, ahakikishe kwanza kwamba viungo vya miguu itakayobaki ni vizima. Kisha mbwa asinenepeshwe, na sakafu iliyong'arishwa itandikwe mazulia yasiyoteleza, kwani hapo ndipo aangukapo, hasa ageukapo ghafula kuifuata sahani ya nyama.