Hewa ya Mji Huanzia Barabarani

Mazungumzo na wachuuzi na wahudumu wa magari ya abiria, Mombasa

Nitasema kwa ufupi, maana wengi wenu mmeacha biashara.

Mara nyingi naambiwa, "Sisi tuko kisiwani, upepo wa bahari unafagia moshi wote." Ni kweli kwa kiasi. Simama Mama Ngina wakati wa kusi, utavuta hewa safi. Kisha nenda Digo Road saa kumi na moja jioni. Upepo ni ule ule, lakini macho yanawasha. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni umbo la barabara. Maghorofa yakisimama pande zote mbili na njia ikiwa nyembamba, upepo hupita juu ya mapaa, na moshi hubaki chini ukizunguka. Ya pili ni mwendo wa magari. Gari linalosimama na kuondoka kila mara huchoma mafuta mengi kuliko linalokwenda kwa mwendo mmoja wa wastani. Steji isiyo na mpango au lori lililoegeshwa vibaya huongeza moshi. Breki, magurudumu na kingo zisizo na lami nazo hutoa vumbi.

Hatari kubwa ni chembechembe ndogo mno, karibu mara 30 kuliko unene wa unywele. Hizi huingia ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza kwa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita moja ya ujazo. Anayeumia zaidi si mwenye gari anayepita. Ni mama anayeuza viazi kando ya steji kutwa nzima, mtoto mgongoni.

Habari njema ni kwamba moshi hupungua haraka kadiri unavyojitenga na barabara. Kibanda kikirudi nyuma mita chache, ni nafuu. Ua wa mimea mifupi kati ya magari na njia ya miguu husaidia, ila miti ya matawi mapana kwenye barabara nyembamba yaweza kuuzuia moshi usipande. Madereva wa matatu na tuktuk, mnapongoja abiria zimeni injini. Mtaokoa mafuta pia. Na vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa kwa watu wa miguu. Tusivijaze injini.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa, pamoja na barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma. Barabara kuu zinazopita malori ya bandarini ziko chini ya serikali ya kitaifa, kwa hivyo huko lazima tushauriane.

Najua wasiwasi wenu: steji ikihamishwa, wateja nao huhama. Wasiwasi huo ni wa haki, na hauwezi kujibiwa na mchoro wa mhandisi peke yake. Ninyi ndio mnajua abiria hushukia wapi na jua hupiga upande gani. Vikao vya maoni ya umma vikitangazwa, njooni mseme mapema. Msingoje tingatinga lifike ndipo mseme.