Duka Chini, Nyumba Juu: Majengo ya Kale ya Barabara ya Samora na Haki ya Kuishi Mjini



Nimekuja kusema jambo moja. Majengo ya zamani tunayoyabomoa katikati ya Dar es Salaam ndiyo yanayofaa zaidi kugeuzwa kuwa nyumba za kuishi, na minara ya vioo tunayosimamisha mahali pake ndiyo itakayotushinda siku tukitaka kuigeuza. Tunatupa kinachofaa na kubaki na kisichofaa. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kisha nitaomba kitu.

Barabara ya Samora mnaifahamu. Wajerumani waliipandia miti pande zote mbili, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, baada ya Uhuru ikaitwa Independence Avenue, na leo ina jina la Samora Machel. Mchana hupati pa kuweka mguu: benki, maduka ya dawa, miwani na vitambaa, magari yanayotafuta maegesho kuizunguka Sanamu ya Askari iliyopo hapo tangu 1927. Jua likizama, mageti yanateremshwa na mtaa unabaki na walinzi. Jiji hili lilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na sehemu kubwa ya wanaofanya kazi mjini hulala Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Bunju. Kila alfajiri wanabanana kwenye mwendokasi na daladala kuja kwenye mtaa ambao ghorofa zake za juu zimejaa mafaili, mabati ya matangazo na popo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ukitoka Samora ukaelekea Jamhuri, Indira Gandhi, Mosque Street na Kisutu, majengo ya miaka ya 1930 hadi 1960 yalijengwa kwa mpango mmoja: duka chini, familia juu, ua nyuma. Mwenye duka alipanda ngazi kwenda kula chakula cha mchana. Watoto walichezea roshani, wakiwaona wapita njia na wapita njia wakiwaona. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kuishi katikati ya mji ni mtindo wa kigeni hajauangalia mji wake mwenyewe. Ni kweli kwamba mpango huo ulikuwa na ubaguzi ndani yake. Tangu kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya 1891 mji huu uligawanywa kwa aina ya jengo, na aina ya jengo ikawa njia ya kugawa watu: Uzunguni, Uhindini, na ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, Kariakoo. Aliyeishi juu ya duka la Samora hakuwa mchukuzi wa bandarini. Hilo ndilo la kurekebisha tunapoyarudisha majengo hayo kuwa nyumba, na nitalirudia.

Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Wapangaji wengi walibaki, kodi zikawa ndogo, na ukarabati ukawa mdogo kuliko kodi. Polepole vyumba vya kulala vikawa ofisi za mawakili, za wakala wa forodha, za mashine za kunakilia. Kisha, Julai 2016, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na ikahama kweli. Wizara zilizokuwa Kivukoni na mitaa ya jirani zikaondoka na watumishi wake, na watumishi wakaondoka na chakula chao cha mchana. Muulizeni mama lishe yeyote wa eneo lile.

Sasa tuingie ndani ya jengo, maana hoja yangu iko kwenye vipimo. Kwanza tazameni umbali kutoka dirishani hadi ukuta wa mwisho. Mwanga wa mchana huingia chumbani takribani mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha ncha ya juu ya dirisha. Dirisha likiishia mita 3 kutoka sakafuni, una mita 6 au 7 za mwanga. Zaidi ya hapo ni taa. Hewa nayo ina kanuni yake: chumba chenye madirisha upande mmoja tu hupumua hadi kina cha mara mbili na nusu ya urefu wa dari, na chenye madirisha pande mbili zinazotazamana hupumua hadi mara tano. Majengo ya duka chini nyumba juu yana dari ndefu, yana ua nyuma, na upepo wa bahari huingia mbele ukatokea nyuma. Walioyajenga hawakuwa na viyoyozi, kwa hiyo walilazimika kujenga kwa akili. Hata maghorofa ya zege ya miaka ya 1960, yenye matofali ya matundu na vipande vya kukinga jua, yana kina kidogo na ngazi zenye upepo. Aina hiyo ya usanifu ndiyo aliyoitumikia msanifu Anthony Almeida, aliyezaliwa hapa Dar es Salaam 1921 na kufanya kazi hapa karibu maisha yake yote.

Mnara wa vioo ni kinyume chake. Sakafu ni pana, lifti na vyoo viko katikati, madirisha hayafunguki. Ukiugawa kuwa fleti, nusu ya vyumba havitaona jua, na umeme ukikatika wakazi wote watashuka barabarani. Uingereza wamelipitia hili. Mwaka 2013 waliruhusu ofisi za England kugeuzwa makazi bila kibali kamili cha mipango, na zikajitokeza fleti ndogo kupindukia, nyingine hazina hata dirisha. Ilibidi mwaka 2020 watunge sharti la mwanga wa asili, na 2021 waweke eneo la chini kabisa la mita za mraba 37 kwa fleti mpya. Masharti hayo mawili tungeyaandika sisi kabla ya fleti ya kwanza, badala ya kungoja watu wapangishwe stoo.

Pili ni uzito, na hapa naomba wanafunzi wangu wasikilize. Kwa viwango vya Kiingereza vilivyotumika hapa, sakafu ya ofisi ilikadiriwa kubeba takribani kilo 250 kwa mita ya mraba, na sakafu ya nyumba kilo 150. Kwa hesabu hiyo ofisi ikigeuzwa nyumba, mzigo unapungua. Hatari haiko kwa watu na makochi. Iko kwa fundi anayegawa vyumba kwa tofali za inchi sita: ukuta wa urefu wa dari una uzito wa karibu tani moja kwa kila mita inayotembea. Iko kwa tangi la lita 5,000 juu ya paa, ambalo likijaa ni tani tano zilizokaa mahali pamoja. Na iko kwenye nondo. Hewa yetu ina chumvi. Nondo ikishika kutu huvimba, ikaisukuma zege, vipande vikaanza kudondoka chini ya roshani. Ukiona mwenye jengo amepaka lipu mpya juu ya nyufa hizo, ameficha ugonjwa tu. Gaweni vyumba kwa mbao na bodi nyepesi, na nondo zipimwe kabla ya rangi.

Sisemi haya kuwatisha. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo saa za biashara, likaua watu zaidi ya 25. Kabla yake, Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Moja lilikuwa likitumika, jingine lilikuwa jipya kabisa. Uzee wa jengo haukuwaua watu hao.

Tatu ni maji na moto. Ofisi ina vyoo sehemu moja kila ghorofa; fleti nane zinataka majiko manane na mabafu manane, na bomba la maji taka lazima literemke kwa mwinamo. Njia ya bei nafuu ni kupanga majiko na mabafu yote kuzunguka ua, bomba zishuke pale, na kila nyumba iwe na Luku yake. Ngazi ndiyo siwezi kuipunguzia masharti. Agosti 2023, huko Johannesburg, jengo la zamani la Albert Street, ambalo watu walikuwa wakiishi humo bila utaratibu, liliungua na kuua watu zaidi ya 70, wengi wao wahamiaji maskini. Jengo lisiloweza kupewa njia ya pili ya kutokea lisigeuzwe. Likae maduka na ofisi.

Kuhusu kelele, wengi huniambia Samora hailaliki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 kwa nchi za Ulaya unapendekeza kelele za barabarani usiku zisizidi desibeli 45, na mtaa wetu wa mchana uko mbali sana na hapo. Lakini jawabu limo ndani ya jengo lenyewe: sebule mbele, vyumba vya kulala uani. Roshani ikiwa na ukuta mzima badala ya vyuma, na dari yake ikiwekwa kitu kinachomeza sauti, kelele inapungua bila kufunga dirisha. Jenereta za maduka ndizo kero kubwa kuliko magari, nazo zinaweza kuhamishwa kwa sheria ndogo ya jiji.

Nani ataishi humo? Fleti zikiwa za wageni wa wiki moja tu, tutakuwa tumekarabati kuta na kuacha mji mtupu. Nataka muuguzi wa hospitali ya Ocean Road, mwalimu, karani wa bandari, muuza duka. Tunayo Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, inayoruhusu mtu kumiliki fleti moja na kushiriki paa, ngazi na ua na majirani. Tunalo shirika la umma lenye majengo mengi eneo hilihili. Kinachokosekana ni sharti kwamba sehemu ya kila jengo litakalogeuzwa ipangishwe kwa kodi ya mwezi kwa mwezi, bila kilemba na bila kudai mwaka mzima mbele, na kwamba mpangaji wa zamani apewe nafasi ya kwanza kurudi.

Jengo la Salamander pale Samora lilibomolewa, na jengo refu lililokaa mahali pake limerithi jina. Mengine yatafuata, maana kiwanja tupu huuzika haraka kuliko jengo lenye historia na wapangaji. Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Jiji, mbele yenu wote: kabla ya kutoa kibali cha kubomoa jengo lolote la ghorofa lililozidi miaka 40 katikati ya mji, lipelekeeni mhandisi na msanifu. Wapime kina chake, nondo zake, ngazi zake na bomba zake, waandike kama linafaa kuwa nyumba au halifai, na karatasi hiyo ibandikwe mlangoni ili mpangaji na mpita njia waisome. Wanafunzi wa chuo hiki wako tayari kuanza kupima, mkituruhusu kupanda ngazi.